Je, Wajua? Kriketi ya Kenya na Familia Zake Chache

Je, wajua kwamba Kenya ndiyo nchi pekee isiyo na hadhi ya Test iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi la ova 50? Ilikuwa Durban, Afrika Kusini, tarehe 20 Machi 2003, na mpinzani alikuwa India. Test ni zile mechi za siku tano ambazo Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, huziruhusu kwa nchi chache tu. Kenya haikuwa mojawapo wakati ule, na mpaka leo siyo.

Kwa asiyeufuata mchezo: ova moja ni mipira sita inayorushwa na mchezaji mmoja, mikimbio ndiyo hesabu ya ushindi, na wiketi ikianguka mgongaji anatoka uwanjani. Hayo yanatosha kusoma yanayofuata.

Chama cha Kriketi cha Kenya kilisherehekea miaka 100 ya mchezo huo mwaka 1996. Maana yake hesabu yao inaanzia 1896, mwaka uleule Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa na mwaka ilipoanzishwa klabu ya Mombasa Sports Club, ambayo kiwanja chake kingali kinatumika. Mchezo uliingia kwa milango miwili: maofisa na walowezi wa Kiingereza kwa upande mmoja, na Wahindi waliokuja kujenga reli, kufungua maduka na kushika kazi za ukarani kwa upande wa pili.

Tangu 1910 palikuwa na mechi ya kila mwaka kati ya maofisa wa serikali na walowezi. Mwaka 1933 ikaanza nyingine, Wazungu dhidi ya Waasia. Mwafrika hakuwa na timu katika ratiba hiyo. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi, kusukuma rola na kuufuata mpira uliopotelea kwenye ua wa michongoma. Watoto wa hao wakata nyasi na majirani zao ndio waliokuja kuwa timu ya taifa, lakini hilo lilichukua zaidi ya nusu karne.

Je, wajua kwamba Basil D'Oliveira, mtu ambaye jina lake liliutikisa utawala wa Makaburu, alionja kriketi ya kimataifa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Wakenya? D'Oliveira alizaliwa Cape Town na sheria za huko zilimhesabu kuwa chotara. Hata angepiga mikimbio elfu, timu ya taifa ya Afrika Kusini ilikuwa ya weupe tupu. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilisafiri hadi Afrika Kusini kucheza na timu ya wasio weupe, na nahodha wa wenyeji alikuwa yeye. Mwaka 1958 akaiongoza timu hiyo kuja Afrika Mashariki kurudisha ziara. Kwa wengi wa wachezaji wale, hizo ndizo mechi za kimataifa walizoruhusiwa maishani.

Miaka miwili baadaye akahamia Uingereza, na mwaka 1966 akaivaa jezi ya taifa hilo. Mwaka 1968 serikali ya Pretoria ikakataa kuipokea timu ya Uingereza kwa kuwa yeye yumo. Ziara ikafutwa, na haukupita muda mrefu Afrika Kusini ikafungiwa nje ya kriketi ya kimataifa hadi 1991. Historia za kisa hicho huwa ndefu sana London na Cape Town, na Nairobi hutajwa kwa sentensi moja, ikitajwa. Waandishi wetu wenyewe hawajafanya vizuri zaidi.

Kenya yenyewe ilikuwa imeshacheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa 1951, dhidi ya Tanganyika.

Na je, wajua kwamba kabla ya Kenya kucheza Kombe la Dunia kwa jina lake, palikuwa na timu moja ya Afrika Mashariki? Ilialikwa kwenye Kombe la kwanza kabisa, Uingereza, 1975. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Kulikuwa na Watanzania Praful Mehta na Shiraz Sumar, na hata wachezaji wawili kutoka Zambia, kwa hiyo ramani ya Afrika Mashariki ilinyooshwa kidogo. Waafrika weusi walikuwa wawili, wote Waganda: Sam Walusimbi na John Nagenda. Huyu Nagenda ndiye yule mwandishi aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni, na kalamu yake ilikuwa kali kuliko mpira wake.

Timu ilipoteza mechi zote tatu. Glenn Turner wa New Zealand peke yake alipiga 171 bila kutolewa, wakati Afrika Mashariki nzima ilifikisha 128. Mechi ya pili, dhidi ya India pale Leeds, Bishan Bedi alirusha ova 12 na kutoa mikimbio 6. Hesabu mwenyewe: mipira 72, mikimbio 6. Nane kati ya ova hizo hazikuzaa hata mkimbio mmoja. Mechi ya tatu, Uingereza iliwatoa wote kwa 94.

Mmoja wa warushaji wa timu hiyo, Don Pringle, alifariki katika ajali ya gari karibu na Nairobi miezi michache baada ya mashindano. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi 1958, aliichezea Uingereza fainali ya Kombe la Dunia la 1992. Katika mashindano hayohayo, New Zealand ilishangaza watu kwa kumpa mpira mpya mrushaji wa mipira ya polepole badala ya mtu wa kasi. Huyo alikuwa Dipak Patel. Naye ni mzaliwa wa Nairobi, kama alivyo Qasim Umar aliyeichezea Pakistan mechi za Test. Kenya ilikuwa ikizalisha wachezaji na kuwagawa bure.

Mwaka 1981 Kenya ikajitoa kwenye timu ya pamoja na kujiunga na ICC kwa jina lake. Ilisubiri miaka kumi na tatu kupata tiketi ya Kombe la Dunia, na ikaipata nyumbani, Nairobi, 1994, ingawa fainali ya mchujo huo iliwaponyoka na kuwaendea Falme za Kiarabu.

Sasa tufike Pune, India, 29 Februari 1996. Tarehe hiyo huja mara moja katika miaka minne, na siku kama hiyo kwa Kenya huja mara chache kuliko hapo. West Indies walikuwa mabingwa wa dunia mara mbili, wakiwa na Curtly Ambrose, Courtney Walsh na Ian Bishop, majitu matatu ambayo mgongaji yeyote duniani aliyaota vibaya. Wakenya wengi walikuwa watu wenye ajira nyingine, waliocheza kriketi Jumamosi na Jumapili.

Kenya ilianza kugonga ikatolewa kwa mikimbio 166. Ukitazama karatasi ya matokeo utaona jambo la kuchekesha: Steve Tikolo ndiye aliyefunga nyingi zaidi, 29, lakini mikimbio ya bure, ile inayotokana na makosa ya warushaji na mipira iliyowapita wadakaji, ilikuwa 37. Yaani mchezaji bora wa Kenya katika kugonga siku hiyo alikuwa uzembe wa West Indies.

Kisha wakaingia wao. Rajab Ali akamng'oa nahodha Richie Richardson mapema. Akaja Brian Lara, mgongaji hatari kuliko wote wa kizazi chake, akafikisha 8. Rajab Ali akarusha, Lara akaugusa mpira kwa ukingo wa gongo, na nyuma ya wiketi alikuwa Tariq Iqbal, mtu wa miwani, mnene kidogo, ambaye hakuna aliyemdhania mwanamichezo. Akaubana. Wakenya wakamrukia kama vile mechi imekwisha, na kwa kweli ilikuwa imekwisha. Nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15, Rajab Ali tatu kwa 17, na West Indies wote wakatoka kwa 93. Waliofikisha tarakimu mbili ni wawili tu, Shivnarine Chanderpaul na Roger Harper.

Huyo Harper mkumbuke. Miaka kumi baadaye alikuwa kocha wa Kenya.

Siku sita baada ya Pune, tarehe 6 Machi, Sri Lanka iliipiga Kenya mikimbio 398 pale Kandy, rekodi ya dunia wakati huo. Aravinda de Silva pekee alifunga 145. Hata hivyo Tikolo alijibu kwa 96, na Kenya ikamaliza ova zote 50 bila kutolewa wote.

Je, wajua kwamba mojawapo ya rekodi mashuhuri za kriketi iliwekwa Nairobi? Katika yale mashindano ya miaka 100, tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye kiwanja cha Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan aliyetajwa kuwa na miaka 16, Shahid Afridi, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Mara 11 aliupeleka mpira nje ya uwanja bila kugusa ardhi. Gongo alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, aliyekuwa amempa Mpakistani Waqar Younis alipeleke Pakistan likatengenezewe nakala yake. Rekodi hiyo ilidumu hadi siku ya kwanza ya mwaka 2014. Wapita njia wengi wa karibu na kiwanja hicho hawajui walikuwa wakikwepa nini siku ile.

Fainali ya mchujo wa 1997, Kuala Lumpur, bado inawauma wazee wa kriketi. Tikolo alipiga 147, Kenya ikafikisha 241. Mvua ikasukuma mechi hadi siku ya pili, na hesabu za mvua zikawapa Bangladesh lengo jipya: mikimbio 166 kwa ova 25. Ova ya mwisho akapewa Martin Suji, Bangladesh wakihitaji 11. Mpira wa kwanza ukaruka nje, sita. Ikafika mpira wa mwisho, unahitajika mkimbio mmoja. Suji akarusha, mpira ukamgonga mgongaji mguuni, wakakimbia. Dhaka ikalipuka kwa shangwe. Timu zote mbili zilikuwa tayari zimefuzu Kombe la Dunia la 1999, lakini Bangladesh walipanda na wimbi lile na mwaka 2000 wakapewa hadhi ya Test. Miaka ile Kenya ilikuwa ikiwashinda mara kwa mara. Tofauti ilikuwa watu milioni mia na zaidi waliotega masikio redioni. Baraza la kimataifa linajua kuhesabu watazamaji, na mimi sidhani lilijifanya vinginevyo.

Kenya iliishinda India mara mbili: Gwalior, 28 Mei 1998, Odumbe akipiga 83 na kuchukua wiketi tatu, na Port Elizabeth, Oktoba 2001, kwa mikimbio 70.

Oktoba 2000 mataifa yote makubwa ya kriketi yalikuwa Nairobi kwa wakati mmoja. Lilikuwa kombe la mtoano la ICC, lile lililokuja kuitwa Champions Trophy, na mechi zote zilichezwa Gymkhana. New Zealand waliishinda India katika fainali na kubeba kombe lao la kwanza la ICC. Wahindi nao waliondoka na faida: vijana Yuvraj Singh na Zaheer Khan walianza safari yao ya kimataifa hapo, katika mechi dhidi ya Kenya. Miaka kumi na moja baadaye wote wawili walikuwa nguzo za India iliyotwaa Kombe la Dunia.

Turudi 2003, maana ile nusu fainali ina hesabu yake na watu hupenda kuifupisha kuwa bahati. Kenya ilipewa kuandaa mechi mbili Nairobi. New Zealand wakakataa kuja wakihofia usalama. Ilikuwa miezi michache tangu shambulio la kigaidi la Kikambala, pwani ya Kenya, la Novemba 2002. Pointi za mechi hiyo zikapewa Kenya. Sri Lanka wakaja, na tarehe 24 Februari wakakutana na Collins Obuya, kijana wa mipira ya kuzunguka, aliyechukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Mmoja wa waliong'olewa ni Aravinda de Silva, yuleyule wa 145 za Kandy. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Ikawapiga pia Canada na Bangladesh.

Kanuni za mwaka ule zilisema timu hubeba pointi zake kuingia hatua ya timu sita. Kenya ikaingia na pointi 10, India na 8. Ushindi mmoja tu ulihitajika, nao ukapatikana Bloemfontein dhidi ya Zimbabwe. Kwa hiyo ndiyo, New Zealand waliisaidia Kenya. Lakini Sri Lanka hawakuzuiwa na mtu kushinda Nairobi, wala Bangladesh Johannesburg, wala Zimbabwe Bloemfontein.

Kocha wa kikosi hicho alikuwa Sandeep Patil, mmoja wa mabingwa wa dunia wa India wa 1983. Naye mchezaji ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii ni Aasif Karim. Mzaliwa wa Mombasa, aliwahi pia kuiwakilisha Kenya katika Davis Cup ya tenisi. Alikuwa ameshastaafu kriketi, ana miaka 39, anauza bima, alipoombwa arudi. Tarehe 15 Machi, Durban, Kenya ilicheza na Australia, timu iliyokuwa bingwa wa dunia. Kenya ilifunga 174 tu. Wengi walitarajia kazi imalizike mapema. Karim akapewa mpira. Alirusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio 7, akawang'oa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Ova sita hazikutoa chochote. Hakuwa na kasi wala ujanja wa kutisha. Aliuweka mpira palepale, mara kwa mara, mpaka mabingwa wakachoka kusubiri. Australia walishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa wakala wa bima.

Siku tano baadaye India ilishinda nusu fainali kwa mikimbio 91. Nahodha Tikolo alifunga 56. Karim akarudi kwenye bima zake.

Je, wajua kwamba ukiondoa familia tano au sita, timu ile haipo? Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu. Martin na Tony Suji ni ndugu. Tikolo ana kaka wawili, Tom na David, walioichezea Kenya kabla yake, na Tom aliwahi kuwa nahodha. Maurice Odumbe alicheza na kaka yake Edward. Kisha wakaja wana wa Ngoche: Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem, na dada zao Margaret Banja na Mary Bele wakaichezea timu ya taifa ya wanawake. Viwanja vyenyewe vilikuwa vichache na karibu vyote Nairobi, katika klabu zilizoanzishwa na Waasia, na mtoto aliyekaa jirani na ukuta wa klabu alikuwa na nafasi ambayo mtoto wa Kisii au Garissa hakuwa nayo. Ndugu mmoja akiingia, wengine humfuata. Ndiyo njia nzuri ya kupata timu moja kali. Ya pili itatoka wapi?

Upande wa Waasia mambo yalikuwa vilevile. Mwamuzi Subhash Modi ni baba wa mgongaji Hitesh Modi, na mwaka 2006, katika mechi dhidi ya Bangladesh, mpira ulimgonga Hitesh mguuni, wapinzani wakadai, baba akainua kidole. Mwana akatoka.

Baada ya 2003 mteremko ulikuwa mkali. Wachezaji waligoma kudai malipo. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari. Akaja kurejea, na 2018 akateuliwa kocha wa taifa. Chama cha zamani kilivunjwa na 2005 kikaundwa kipya, Cricket Kenya. Katikati ya hayo bado palikuwa na cheche: Thomas Odoyo alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya ICC ya mchezaji bora wa nchi zisizo na Test, 2007, na mwaka huo Kenya ilitwaa Ligi ya Dunia ya daraja la kwanza Nairobi. Miezi michache baadaye, Septemba, Sri Lanka ikawafunga 260 kwa ova 20 tu.

Odoyo na Tikolo walicheza Makombe yote matano ya Kenya, kuanzia 1996 hadi 2011. Katika lile la mwisho Kenya ilipoteza mechi zote sita. Collins Obuya, akiwa ameacha kutegemea mipira ya kuzunguka na kugeuka mgongaji, alifikisha 98 dhidi ya Australia pale Bangalore. Alikuwa bado hajatolewa ova zilipokwisha. Alibakiza mikimbio miwili tu kufikisha 100.

Mapema 2014 Kenya ilishindwa mchujo uliofanyika New Zealand na kupoteza haki ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, haki iliyokuwa nayo tangu 1996.

Hata hivyo mchezo haukufa. Huko Laikipia, mbali na klabu za Nairobi, morani wa Kimaasai hucheza kriketi wakiwa wamevaa shuka na shanga. Walianza kufundishwa na mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuja kufanya utafiti wa wanyama, wakafika kucheza Cape Town 2012, na filamu kuwahusu ilitoka 2015. Wao huutumia mchezo kuzungumza na jamii dhidi ya ukeketaji.

Na Novemba 2023, Windhoek, Kenya na Tanzania zilikuwa katika mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia la ova 20. Nafasi zilikuwa mbili. Namibia ikachukua moja, Uganda nyingine, ikiiacha nje hata Zimbabwe. Tarehe 5 Juni 2024, usiku, nchini Guyana, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia dhidi ya Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne.